Mdhamini wa Pili wa Fundi Saa

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, na liko kwenye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ndogo ya kioo ambayo Fundi Saa anatengenezea saa za watu. Mimi hufika pale saa mbili asubuhi na birika mbili za kahawa, nikishawatoa watoto kwenda shule, na mpaka saa sita huwa nimeuza zote. Kinyozi tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Anayeziba pancha za baiskeli upande wa pili wa mtaro tunamwita Daktari, kwa sababu hutega sikio kwenye tairi kabla ya kusema linaumwa nini. Jaji ni mzee mstaafu. Alifanya kazi mahakamani miaka mingi, na sasa hukaa upande wa benchi wenye mguu mzima akikata kesi za mtaa: ukuta umeingia kwa jirani, kuku wamekula mboga, mume amerudi na dharau. Huhukumu haraka, mara nyingi kabla mtu wa pili hajafungua mdomo. Mimi naitwa Mama Birika. Majina ya nyumbani hatuyatumii pale. Mtu akikaa wiki moja anapachikwa jina, na lile la zamani linabaki kwake na watu wake.

Jumatano hiyo Fundi Saa hakufungua meza yake. Alikuja na bahasha ya kaki, akakaa katikati ya benchi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Tulijua ni habari ya uraia. Fundi hakuzaliwa nchi hii. Alivuka mpaka akiwa kijana, akaoa hapa, akazaa hapa, na huu ni mwaka wa nne anahangaikia karatasi. Mama yake yuko upande wa pili, amezeeka, na Fundi hajamwona kwa miaka tisa, maana akitoka bila uraia hana hakika kama ataruhusiwa kurudi kwa mkewe na watoto.

Redio: Haya, Fundi. Bahasha ya heri au ya shari?

Fundi Saa: Wamenirudishia ukurasa wa sita. Wanasema taarifa za mdhamini wa pili hazijakamilika.

Daktari: Ukurasa mmoja tu?

Fundi Saa: Mmoja. Mingine yote wamebaki nayo. Wanautaka leo kabla ya saa sita, na mdhamini asibadilishwe. Ukipita muda huo, faili linafungwa, naanza upya.

Redio: Upya kutoka wapi?

Fundi Saa: Kutoka kwenye foleni. Ile ile ya miaka minne.

Sote tukamgeukia Jaji, kwa sababu mdhamini wa pili ni yeye. Wa kwanza ni mwalimu mkuu wa shule ya watoto wa Fundi, na huyo hakuwa na tatizo. Jaji alikuwa hajaonekana kijiweni tangu Jumatatu, tuliambiwa mgongo. Sasa alikuwa anakoroga kahawa yake. Jaji hanywi kwa sukari, kwa hiyo sikujua anakoroga nini.

Fundi Saa: Mzee, nimekutafuta siku mbili. Shikamoo.

Jaji: Marahaba, mwanangu. Mgongo.

Fundi Saa: Pole. Bahasha wameifunga kwa gundi, wameandika juu yake kwamba afungue mdhamini mwenyewe. Ndiyo hii.

Jaji hakuipokea. Aliitazama tu, akanywa funda moja.

Jaji: Waraka wa serikali haufunguliwi barabarani.

Redio: Hapo kasema. Upepo ukiipeperusha je?

Daktari: Upepo uko wapi leo? Hata majani hayatikisiki.

Redio: Nasema je. Wewe unajua kilichomo humo? Mimi nina mteja ambaye shemeji yake anafagia kwenye zile ofisi. Anasema siku hizi fomu hazisomwi na watu. Zinapimwa.

Fundi Saa: Zinapimwaje?

Redio: Kwa mzani! Kuna mashine. Unaweka fomu, inapima wino. Wino ukiwa mwingi, mtu amejieleza, anapita. Wino ukiwa mdogo, mashine inalia, wanasema taarifa hazijakamilika. Jaji, uliandika kwa kalamu gani?

Jaji: Ya kawaida.

Redio: Unaona? Ungeandika kwa ile ya ncha nene Fundi saa hizi ni raia.

Daktari: Acha uongo, Redio. Hakuna mzani. Huo ni mtihani.

Fundi Saa: Mtihani wa nini tena, jamani?

Daktari: Wa moyo. Fikiria kidogo. Wanakwambia taarifa hazijakamilika, hawakwambii ni ipi. Kwa nini? Wanataka waone utafanya nini. Ukikasirika, huna uvumilivu. Ukilia, huna ujasiri. Ukienda na kitu mkononi kumpa karani, umekwisha. Na wanakuangalia.

Redio: Nani anaangalia?

Daktari akashusha sauti, akavuka mtaro na pampu yake mkononi, akaja kuchuchumaa mbele ya benchi.

Daktari: Jana. Yule bwana wa koti la bluu. Aliagiza kahawa kwa Mama Birika, akanywa nusu, akaacha nusu. Mtu gani mwenye akili timamu anaacha nusu?

Mimi: Alisema ni kali.

Daktari: Alisema! Mpelelezi atakwambia nini, kwamba ni mpelelezi?

Redio: Subiri. Yule nilimnyoa mimi. Alikuwa hana cha kunyoa.

Daktari: Ndiyo hivyo! Hana nywele, anakwenda kwa kinyozi. Ana baiskeli? Hana. Akanijia mimi kuniuliza bei ya pampu. Amezunguka kila mtu.

Fundi Saa: Kwangu aliuliza kama naweza kutia betri.

Redio: Ukamjibu nini?

Fundi Saa: Nilimwambia naweza.

Daktari: Hapo umejibu vizuri. Hapo umepata alama.

Redio akatupia methali ya tembo isiyohusiana na bahasha wala betri, akaieleza maana yake vibaya, na Daktari akaikubali. Mimi nilikuwa natazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu, na kwenda ofisi ile kwa miguu ni zaidi ya nusu saa. Nilimmiminia Jaji kikombe cha pili.

Fundi Saa: Mzee, wewe ndiye unayejua sheria. Unasemaje?

Jaji alikohoa. Alipokohoa namna ile, kwa kawaida watu huacha kuongea hata upande wa pili wa barabara, na yeye hunyoosha kidole kimoja juu.

Jaji: Kisheria, sehemu iliyoachwa wazi si kosa. Mtu akikaa kimya mahakamani anahesabiwa amejibu. Na karatasi ni vivyo hivyo. Kisanduku kitupu ni kisanduku kilichojibu kwa kunyamaza.

Redio: Du!

Jaji: Kwa hiyo, Fundi, rudisha bahasha hii kama ilivyo. Usiifungue. Mwambie karani: mdhamini wangu amejibu kwa kunyamaza.

Fundi Saa: Nikamwambie hivyo?

Jaji: Kwa sauti. Na umtazame machoni.

Daktari: Mimi naongeza. Usiende peke yako. Twende sote, mtaa mzima, tukasimame nje kimya. Watakuwa na wadhamini mia wanaojibu kwa kunyamaza.

Redio: Mimi kunyamaza siwezi, lakini nitasimama.

Daktari: Wewe utakaa mwisho.

Walianza kupanga nani atatangulia. Redio alitaka kubeba kioo chake cha saluni ili makarani wajitazame wakiwa wanaonea watu. Daktari alisema ni bora kupeleka baiskeli kumi zigongwe kengele kwa pamoja, halafu akakumbuka kwamba maandamano ni ya kimya, akasema basi kengele zifungwe kwa kitambaa. Fundi Saa alikuwa anacheka. Ni kweli, alikuwa anacheka, na bahasha ipo mapajani. Mimi nina watoto watatu na nimeshajaza fomu za shule, za kliniki na za mkopo wa maji, na sijawahi kuona fomu iliyojazwa na maandamano.

Mimi: Samahani. Kisanduku gani kiko wazi?

Redio: Eh?

Mimi: Mmeongea saa nzima. Kilichokosekana ni nini?

Wakatazamana. Redio akamtazama Daktari, Daktari akaitazama pampu yake.

Fundi Saa: Mimi sijui. Mzee alikwenda kuujaza ukurasa kwake, akanirudishia umefungwa kwa bahasha. Sikutaka kuchungulia mambo yake.

Mimi: Basi ufunguliwe.

Jaji: Mama Birika, nimekwisha kutoa uamuzi.

Mimi: Nimeusikia, baba. Saa tano kasorobo sasa. Redio, lete wembe.

Redio hajawahi kukataa nafasi ya kutumia wembe. Aliikata bahasha kwa juu, mstari mmoja, safi. Jaji hakumzuia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Nikautoa ukurasa nikausoma kwa sauti, maana pale mimi ndiye ambaye sihitaji miwani.

Ulikuwa umejazwa vizuri kuliko fomu yoyote niliyowahi kuona. Herufi zimenyooka kama zimepigiwa rula. Jina kamili, lipo, majina matatu. Namba ya kitambulisho, ipo. Nyumba na mtaa, vipo. Simu, ipo. Umemfahamu mwombaji kwa muda gani: miaka kumi na tisa. Je, una undugu na mwombaji: hapana. Sahihi, ipo, ina mkia mrefu. Katikati palikuwa na kisanduku kimoja kitupu, nacho kilizungushiwa kalamu nyekundu mara mbili.

Mimi: Kazi ya mdhamini. Ya sasa, au aliyokuwa nayo kabla ya kustaafu.

Redio: Basi?

Mimi: Basi. Hicho tu.

Daktari: Aaa! Si waandike mahakama? Jaji, chukua kalamu, andika mahakama, tumalize, nina tairi mbili zinanisubiri.

Jaji hakuchukua kalamu.

Jaji: Chini ya ukurasa pameandikwa nini, Mama Birika?

Nikasoma. Pameandikwa kwamba mdhamini atakayetoa taarifa za uongo ametenda kosa, na ombi la mwombaji litatupwa.

Jaji: Ndiyo sababu niliacha wazi.

Fundi Saa: Sikuelewi, mzee.

Jaji: Kuandika uongo sikuweza, maana ungetupwa wewe. Na kuandika ukweli sikuweza, maana ofisini wangeusoma mbele yako. Nikasema wacha nikiache, labda hawataona.

Redio akakaa chini. Sijawahi kumwona Redio akikaa chini mchana.

Redio: Jaji, hukufanya kazi mahakamani?

Jaji: Nimefanya. Miaka thelathini na moja.

Daktari: Ukiwa nani?

Jaji alimaliza kahawa yake yote, akaweka kikombe chini, akakigeuza mshikio uangalie upande wa pili.

Jaji: Dobi.

Upande wa pili mteja wa Daktari aliacha kubonyeza honi ya baiskeli yake.

Jaji: Majoho ya majaji. Nilikuwa nafua na kupiga pasi. Na zile kola nyeupe, nazitia wanga. Jaji yeyote aliyekaa kwenye kile kiti kwa miaka thelathini na moja, alikaa na pasi yangu mgongoni.

Redio: Sasa zile sheria zote? Kifungu hiki, kifungu kile?

Jaji: Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya ukumbi namba mbili. Dirisha halikuwa na kioo. Asubuhi nilikuwa bombani nafua, sisikii kitu. Mchana ndio napiga pasi, ndio nasikia. Kwa hiyo hukumu nazijua sana. Ushahidi ndio sikuwahi kuusikia.

Daktari ndiye aliyeanza. Alijizuia, akajizuia, kisha pampu ikamtoka mkononi.

Daktari: Ndiyo maana! Ndiyo maana hutuachi tumalize kujieleza!

Tukacheka mpaka mteja aliyekuwa na povu usoni akatoka kwenye kibanda cha Redio kuuliza kama amesahauliwa. Alikuwa amesahauliwa. Jaji mwenyewe alishika goti la Redio, mabega yanamtikisika, na sikujua kama anacheka au ni kitu kingine, mpaka alipoinua uso nikaona ni kicheko.

Redio: Na ile kesi ya ukuta wangu? Nilibomoa matofali sita kwa neno lako!

Jaji: Ukuta ulikuwa umeingia kwa jirani, hauhitaji sheria huo, unahitaji macho.

Daktari: Na mimi uliniamuru nikamwombe mke wangu msamaha siku ile ile. Hukuniuliza hata kosa ni la nani.

Jaji: Mkaachana?

Daktari: Hatukuachana.

Jaji: Basi kata rufaa.

Aliyekuwa hacheki ni Fundi Saa. Alikuwa ameukunja mdomo, anautazama ukurasa mkononi mwangu.

Fundi Saa: Siku tatu, mzee. Siku tatu sijalala. Mke wangu ananiuliza tatizo ni nini, namwambia ni serikali. Kumbe serikali ni wewe.

Jaji: Ni mimi. Nisamehe, mwanangu.

Fundi Saa: Ungeniambia ni dobi ningefanya nini? Ningekucheka? Mimi mwenyewe nilivuka mpaka nikiwa nimejitwika mikungu ya ndizi kichwani. Nani angenipa nafasi ya kumcheka mtu?

Jaji: Ungeniita Dobi. Kila siku. Mimi nilikuwa nimezoea Jaji.

Fundi alifikiria. Kisha akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akamkabidhi.

Fundi Saa: Andika. Na hayo mengine tutagombana jioni, sasa hivi sina muda.

Jaji akaandika. Alipofika mwisho akasita.

Jaji: Niandike dobi tu, au dobi wa mahakama?

Mimi: Dobi wa mahakama, mstaafu. Ni kweli na kinajaza kisanduku.

Redio: Andika kwa wino mwingi.

Ilikuwa saa tano na robo. Daktari alichukua baiskeli ya mteja, ile ambayo alikuwa amemaliza kuiziba, akampa Fundi bila kumwuliza mwenyewe. Mwenyewe alikuwepo, akasema alikuwa na haraka, halafu alipoelezwa ni ya nini akasema kumbe haraka yake si kubwa. Fundi akaweka ukurasa ndani ya shati, akapanda, akaondoka akinyonga huku magoti yanakaribia kidevu, maana kiti kilikuwa cha mtoto wa shule.

Tukakaa kusubiri. Redio alirudi kumalizia povu la mteja. Jaji alikuwa anatembea kutoka tofali hadi mtaro, kutoka mtaro hadi tofali. Mimi nilianza kusuuza vikombe. Saa sita kasoro dakika kumi simu ya Jaji ikalia. Namba ngeni.

Daktari: Ni wao! Weka spika, weka spika!

Jaji akabonyeza, akaishika simu mbali na mwili kama kitu cha moto. Ilikuwa sauti ya mwanamke, changa, ya mtu aliyekwisha kupiga simu kama hizo arobaini tangu asubuhi.

Ofisa: Habari za mchana. Naongea na mdhamini wa pili?

Jaji: Ndiye, mama.

Ofisa: Kazi yako ni ipi?

Jaji akatazama barabarani. Pale kona palikuwa na watu wa kutosha: watatu wa kunyoa, wawili wa baiskeli, mama wa mboga na kikapu chake.

Jaji: Dobi. Dobi wa mahakama. Mstaafu.

Alisema kwa sauti yake ile ya hukumu. Mama wa mboga akasimama, akamtazama, akaendelea na safari yake. Hakuna kilichoanguka.

Ofisa: Mwombaji unamfahamu kwa muda gani?

Jaji: Miaka kumi na tisa.

Ofisa: Vizuri. Mtaje mwombaji kwa jina lake kamili.

Jaji aliishusha simu kidogo.

Alimtazama Redio. Redio, kwa midomo bila sauti, akasema: Fundi. Daktari akachora herufi hewani kwa kidole. Jaji akanitazama mimi. Nimemmiminia Fundi Saa kahawa kwa miaka kumi na moja. Najua hapendi kikombe chenye ufa, najua mkewe alijifungua wa tatu kwa upasuaji na nani alichangia damu, najua anatembea na picha ya mama yake ndani ya kasha la saa. Jina lake kamili sikulijua. Hata nusu yake. Ukurasa wa kwanza wenye jina ulikuwa umebaki ofisini.

Ofisa: Mzee? Unanisikia?

Jaji: Nakusikia, mama. Jina lake silijui.

Redio akaweka mikono kichwani.

Ofisa: Umetia sahihi kwamba unamfahamu.

Jaji: Namfahamu. Jina ndilo silijui. Hapa tunamwita Fundi Saa. Leo nimekwisha kusema ukweli mmoja mgumu, siwezi kuharibu kwa huu mdogo. Niulize kitu kingine chochote juu yake.

Tulisikia viti vikiburutwa huko ofisini, na mtu akikohoa.

Ofisa: Ana watoto wangapi?

Jaji: Watatu. Binti mkubwa anasomea uuguzi. Wa mwisho anaogopa mbwa.

Redio: Wa kati namnyoa mimi! Ana kovu nyuma ya sikio la kulia!

Ofisa: Huyo ni nani?

Jaji: Kinyozi.

Daktari: Kovu lile alilipata kwenye baiskeli yangu. Breki ilikuwa nzima, mimi nasema mapema!

Ofisa: Na huyo?

Jaji: Daktari.

Ofisa: Daktari wa hospitali gani?

Jaji: Wa baiskeli.

Ofisa: Mko wangapi hapo, mzee?

Jaji: Wachache tu.

Tulikuwa kumi na mbili, na wa povu alikuwa amekwisha kutoka tena.

Ofisa: Fomu ina nafasi ya wadhamini wawili. Naomba niongee na mmoja. Swali la mwisho. Nimemwambia mwombaji akae kwenye kiti asubiri nikimaliza simu hii. Hakukaa. Niambie wewe unayemfahamu: sasa hivi anafanya nini?

Redio akashika kichwa. Daktari akanong'ona kwamba ni ule mtihani, alijua tangu asubuhi. Jaji hakuwajali. Alifumba macho kidogo.

Jaji: Hapo ofisini kuna saa ya ukutani?

Ofisa: Ipo.

Jaji: Inakwenda?

Ofisa: Imesimama tangu mwaka jana.

Jaji: Basi amesimama chini yake.

Ofisa aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya simu arobaini.

Ofisa: Amepanda juu ya kiti. Ameshaifungua mgongo. Baba! Wewe baba, shuka, utaanguka!

Na kwa mbali tukamsikia Fundi, akiwa na kitu mdomoni, nadhani misumari, akisema dakika mbili tu, mwanangu, ni vumbi limeingia.

Halafu pakawa na kishindo. Redio aliruka akidhani Fundi ameanguka. Ulikuwa muhuri.

Ofisa: Ukurasa umepokelewa. Faili limekamilika. Ataitwa kula kiapo mwezi ujao. Asante, mzee. Na mpigie pasi suti, kwenye kiapo wanapigwa picha.

Akakata. Daktari alipiga kengele za baiskeli zote zilizokuwa mbele yake, moja baada ya nyingine, bila kitambaa. Redio alimkumbatia mteja na povu likahamia kwake. Jaji alikaa upande wake wa benchi, akajifuta jasho, akaniuliza kama pasi za mkaa bado zinauzwa, maana zile za umeme haziaminiki kwenye kola.

Nikawamiminia wote kilichobaki. Kilitosha vikombe vitano, nusu nusu, na hakuna aliyelalamika.

Redio: Sasa nina swali.

Daktari: Usituharibie.

Redio: Akishaapa, wanampa cheti. Kwenye cheti wameandika jina. Sisi tutajuaje kwamba ni cha kwake?

Daktari akamgeukia Jaji. Jaji akanyoosha kidole juu, akakishusha. Wakanigeukia mimi. Nikazigeuza birika, zote mbili tupu, nikakusanya vikombe, maana watoto wangu hutoka shule saa saba.